Kifua Kinapobana, Usiombe Dawa ya Vidonda

Duka letu la dawa liko Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwenye barabara ambayo bajaji za kwenda Ujiji hazikatiki mchana kutwa. Anayesimama dirishani huja na ugonjwa ambao umeshapewa jina nyumbani. "Nipatie dawa ya vidonda." "Nina gesi, imenipanda kifuani." "Kichomi kimenishika, niwekee diklofenaki." Mara nyingi wanasema kweli, maana vidonda vya tumbo vipo, kiungulia kipo, na kichomi cha homa ya mapafu kipo. Lakini katikati ya hao hupita mtu ambaye nyama ya moyo wake inakufa huku yeye akihesabu chenji. Huyo ndiye ninayemwandikia leo, pamoja na ndugu zake, na watoa dawa wenzangu wa Kasulu, Kibondo, Uvinza na vijiji vya mwambao.

Ninachoamini ni hiki: kwa mkoa kama wetu, hatima ya mshtuko wa moyo, yaani mshipa unaolisha moyo kuziba na nyama yake kuanza kufa, huamuliwa kabla mgonjwa hajaonana na daktari bingwa. Huamuliwa kitandani saa kumi za usiku, mtu anapojiambia ngoja kukuche. Huamuliwa dirishani kwangu. Huamuliwa kwenye chumba cha dharura, kwa anayemwona mgonjwa wa kwanza na kuamua ampime nini. Tukipoteza muda hapo, hakuna bingwa wa Dar es Salaam atakayeurudisha.

Kuna baba mmoja, mfanyabiashara wa mawese, alikuja asubuhi ameshikiliwa na kijana wake. Aliomba dawa ya vidonda. Mkono alikuwa ameuweka kwenye chembe cha moyo, pale mbavu zinapokutana juu ya tumbo, na kijasho chembamba kilikuwa kinamtoka ingawa jua lilikuwa bado halijakolea. Nilimuuliza kama panachoma au panabana. Akasema panabana, kama mtu aliyelazwa chali akawekewa dumu la mawese kifuani. Nikamuuliza kama maumivu yanabaki hapohapo. Akasema hapana, yamekwenda hadi taya, na mkono wa kushoto ameusikia mzito tangu alfajiri. Alikuwa ametapika mara moja. Presha anayo, dawa anameza siku kichwa kinapouma. Sigara anavuta.

Kijana akaniambia, "Dada, mpe kwanza hiyo omeprazo tuone kama itatulia." Nikamjibu, "Mdogo wangu, hiki si cha kungoja tuone. Baba apelekwe hospitali sasa hivi, apimwe umeme wa moyo."

Nilimuuliza mzee kama aspirini humletea shida, kama amewahi kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami. Akasema hapana. Nikampa aspirini ya miligramu 300, nikamwambia aitafune, asiimeze nzima, kwa kuwa ikitafunwa huingia kwenye damu upesi. Bajaji ikaitwa. Alipimwa, ikaonekana ni moyo, akapewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, na baada ya siku kadhaa akapewa rufaa ya Dar. Leo yuko hai na bado anauza mawese.

Wengi huniuliza imekuwaje moyo uumie tumboni. Moyo umekaa juu ya kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Ukuta wa chini wa moyo umelalia hapo. Mshipa unaolisha ukuta huo ukiziba, mtu husikia maumivu kwenye chembe cha moyo, hutapika, huona kichefuchefu, na kila aliye karibu hukumbuka vidonda vyake vya mwaka juzi. Kuna kitu kingine kinachochangia: neva za moyo na neva za taya, bega, mkono na tumbo la juu hupeleka habari zao katika sehemu zinazokaribiana za uti wa mgongo, na ubongo hushindwa kupambanua habari imetoka wapi.

Moyo husukuma damu ya mwili mzima, lakini wenyewe haujilishi kwa damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake, myembamba, inayotambaa juu yake kwa nje. Kwa miaka mingi mafuta hujijenga ndani ya kuta za mishipa hiyo. Presha, kisukari na moshi wa sigara huzichubua kuta na kuharakisha kazi hiyo. Mtu anaweza kuishi hivyo bila kujua chochote. Siku moja utando unaofunika mafuta hayo hupasuka. Mwili huona jeraha, chembe sahani za damu hukimbilia kuliziba kama zinavyoziba kidonda cha mkononi, damu inaganda, na mshipa unafungwa. Ndani ya nusu saa hivi nyama iliyokosa damu huanza kufa. Zikipita saa sita, sehemu kubwa ya eneo lile huwa imekwisha, na nyama ya moyo ikifa haioti tena. Hubaki kovu lisilosukuma damu. Ndiyo maana wapo wanaopona mshtuko wenyewe, kisha miguu inavimba na pumzi zinakata wakipanda kilima kidogo tu cha kwenda nyumbani.

Mshtuko wa moyo na moyo kusimama ni mambo mawili, ingawa la kwanza huweza kuzaa la pili. Mwenye mshtuko kwa kawaida anaongea, anatembea, anaomba maji. Lakini moyo wenye njaa ya damu unaweza kuvurugika mapigo yake ghafla ukabaki unatetemeka bila kusukuma. Hapo mtu huanguka, haitiki, hapumui au anakoroma kwa kuvutavuta. Huyo habebwi mzobemzobe kutafutiwa gari kwanza. Mlaze chali kwenye sakafu ngumu, weka viganja katikati ya kifua, kandamiza chini kwa sentimita 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, wakati mwingine anatafuta usafiri na msaada. Mkichoka, pokezaneni. Natamani wanaume wote wa vituo vya bodaboda wafundishwe jambo hili, kwa sababu wao ndio hufika wa kwanza.

Sasa kipimo. Kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini wanakiita ECG, hakina sindano wala maumivu. Mgonjwa analazwa, anabandikwa vibandiko 10, sita kifuani na vinne mikononi na miguuni, na mashine inachora picha 12 za umeme wa moyo uleule ukitazamwa kutoka pande mbalimbali. Mtaalamu akiona sehemu fulani ya mchoro imeinuka, anajua mshipa umeziba kabisa, na kwa kuangalia picha zipi zimeinuka anajua ni upande gani wa moyo unaokufa. Aliyeifanya kazi hii iwezekane ni Willem Einthoven wa Leiden, Uholanzi, mwanzoni mwa karne iliyopita. Mashine yake ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi ili umeme upite. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Leo mashine ya kazi hiyohiyo inabebwa kwapani, na miongozo ya kitabibu inataka mtu mwenye maumivu ya kifua apimwe na mchoro wake usomwe ndani ya dakika 10 tangu afike.

Dakika 10. Najua foleni zetu zilivyo. Ndiyo maana nawafundisha ndugu wa mgonjwa sentensi ya kusema pale mapokezi, kwa adabu lakini bila kunong'ona: "Mgonjwa wetu anabanwa kifua na anatoka jasho, tunaomba apimwe umeme wa moyo." Sentensi hiyo humsaidia hata muuguzi mwenye watu arobaini mbele yake. Anaposikia "anaumwa tumbo" atampanga na wa tumbo.

ECG ya kwanza inaweza kuwa safi na mtu bado ana mshtuko. Maumivu yakiendelea, irudiwe baada ya robo saa au nusu saa. Halafu kuna kipimo cha damu cha troponini. Hii ni protini inayokaa ndani ya nyama ya moyo, na nyama ikifa huvuja na kuingia kwenye damu. Huanza kuonekana saa tatu au nne hivi baada ya mshipa kuziba, na huweza kubaki juu kwa wiki nzima au zaidi. Kwa hiyo aliyeanza kuumwa saa moja asubuhi na akapimwa saa mbili, jibu zuri halimwachilii. Lazima kipimo kirudiwe saa chache baadaye. Na kinyume chake, ECG ikishaonyesha mshipa umeziba, haifai kukaa mikono mifukoni kungoja jibu la troponini. Matibabu yanaanza. Troponini hupanda pia kwa mwenye figo zilizochoka au aliyeziba mshipa wa mapafu, hivyo daktari ndiye anayeunganisha mchoro, damu na maelezo ya mgonjwa mwenyewe.

Huko Moshi, watafiti waliwapima kwa ECG na troponini watu wazima waliofika idara ya dharura kwa maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Zaidi ya mmoja kati ya kila watano walikuwa na mshtuko wa moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa hivyo na waliowahudumia. Nilipousoma utafiti ule nilikaa kimya muda mrefu. Tumezoea kusema huu ni ugonjwa wa wazungu na wa matajiri wa mjini. Hautambuliwi kwa sababu hautafutwi.

Akishatambuliwa, matibabu yana lengo moja: kuufungua mshipa mapema. Njia bora ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja hadi kwenye moyo, kupuliza puto pale palipoziba, na kuacha kijibomba cha wavu wa chuma kinachoitwa stenti ili mshipa usijifunge tena. Puto la kwanza la namna hiyo kwenye moyo wa binadamu lilipulizwa na Andreas Grüntzig mjini Zürich mwaka 1977. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2015. Lakini miongozo inasema puto liwe limefika ndani ya dakika 120 tangu mchoro uonyeshe mshipa umeziba. Kutoka Kigoma hadi Dar kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na treni inalala njiani. Hata ndege, ukihesabu kungoja, kupanda, kushuka na foleni ya barabara, haikufikishi.

Ndipo inapokuja njia ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza vichwani mwetu tunaoishi mbali: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayoingizwa kwa mshipa. Ya zamani na ya bei nafuu zaidi ni streptokinesi, uniti milioni 1.5, huingizwa kwa dripu kwa muda wa saa moja hivi. Zipo mpya zaidi kama alteplesi na tenektaplesi. Hufanya kazi vizuri zaidi saa mbili tatu za mwanzo, na hutolewa hadi saa 12 tangu maumivu yaanze. Mwaka 1988 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187. Katika kila wagonjwa 100 ambao hawakupewa streptokinesi wala aspirini, 13 hivi walikufa kwa moyo na mishipa ndani ya wiki tano. Waliopewa vyote viwili walikufa wanane. Na aspirini peke yake, kidonge ambacho hata mtoto wa shule ana hela ya kukinunua, ilipunguza vifo hivyo kwa karibu robo.

Dawa ya kuyeyusha damu si ya kuchezea. Kwa karibu mtu mmoja kati ya mia huleta damu kuvuja kichwani, ndiyo maana daktari huuliza kwanza kama mgonjwa amewahi kupata kiharusi, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, kama presha iko juu mno. Na haifai kwa kila mshtuko. Mshipa ukiwa umeziba nusunusu, mchoro hauinuki vile, na mgonjwa hutibiwa kwa aspirini, klopidogreli na heparini, ambazo huzuia damu isizidi kuganda, pamoja na uangalizi, kisha hupangiwa kipimo cha mishipa. Ndugu wanaosikia "mwenzake alichomwa dawa ya kuyeyusha, kwa nini baba yetu hajachomwa" wajue kwamba ugonjwa una sura mbili.

Viongozi wanaopanga bajeti za afya hapa mkoani, kama mnasoma: mashine ya ECG na dawa ya kuyeyusha damu vikae mahali pamoja, pamoja na mtu aliyefundishwa kuvitumia, usiku na mchana. Mvuvi wa Mwamgongo au Kagunga huja kwa boti hadi Kibirizi, na ziwa likichafuka saa zinazidi. Akishatua ufukoni asikute saa nyingine zinaliwa na kutafuta nani ana ufunguo wa chumba cha mashine.

Nirudi dirishani, kuna mambo mawili ninayoyaona mimi ambayo daktari hayaoni.

La kwanza ni vidonge vya nguvu za kiume. Wanaume huvinunua kwa kunong'ona, wengine huletewa na vijana wa bodaboda. Sasa mwenye vidonge hivyo mwilini akipata mshtuko wa moyo, hospitalini anaweza kuwekewa chini ya ulimi dawa ya kutanua mishipa, nitrogliserini. Ikikutana na sildenafili iliyomezwa ndani ya saa 24, presha yake huporomoka, anaweza kufa mikononi mwa wanaomtibu. Wazee wangu, kaka zangu, mwambieni daktari. Mke akiwa pembeni, omba atoke kidogo. Kama huwezi kusema, andika kwenye karatasi. Daktari hatakucheka, anahitaji kujua ni lini umemeza.

La pili ni diklofenaki na jamaa zake, dawa za maumivu zinazonunuliwa hapa kuliko pipi. Kwa mwenye ugonjwa wa moyo dawa hizi huongeza hatari ya mshtuko na huharibu figo. Mtu anayebanwa kifua akimeza diklofenaki, maumivu yanaweza kupungua kidogo, akarudi sokoni, na mshipa unabaki umeziba.

Na akina mama. Mama mwenye kisukari cha miaka mingi huenda asiumwe kifua kabisa, kwa kuwa sukari imeshaua neva za kumwambia. Atakuja akisema amechoka ghafla kwa namna ambayo hajawahi kuchoka, pumzi hazitoshi, mgongo unamvuta katikati ya mabega, anasikia kutapika. Nyumbani wataambiana ni mawazo, ni presha ya mume, ni malaria. Nawaomba muwe na wasiwasi zaidi hapo. Mama wa miaka 60 mwenye kisukari anayetoka jasho baridi akiwa amekaa tu kivulini anahitaji ECG sawa na yule baba wa mawese.

Kuhusu chakula nitasema kidogo, kwa sababu kila mtu ameshasikia. Mawese ni mafuta yetu, sikatai, lakini karibu nusu ya mafuta hayo ni yale yanayopandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu; yatiwe kijiko, yasimiminwe kwa kikombe. Chumvi ya Uvinza ni fahari ya mkoa, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo kimoja kwa vyakula vyote. Mgebuka na dagaa tunao, tuwapike bila kuwaogeleza kwenye mafuta. Sigara iachwe leo. Hapo sina la kupunguza.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachotokea baada ya mtu kupona. Anarudi kutoka hospitali na mfuko wa dawa: aspirini ndogo ya kila siku, klopidogreli, statini ya kushusha lehemu na kutuliza kuta za mishipa, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, dawa ya presha inayosaidia moyo usitanuke. Mwezi wa kwanza anameza zote. Mwezi wa tatu anajisikia mzima, anakuja kununua nusu dozi, au anauliza ipi kati ya hizi naweza kuiacha maana zinamaliza mtaji. Aliyewekewa stenti akiacha klopidogreli mapema bila kuambiwa na daktari, damu inaweza kuganda ndani ya ile stenti yenyewe, na mshtuko huo wa pili mara nyingi ni mbaya kuliko wa kwanza. Kwa kawaida anatakiwa aimeze kwa muda wa mwaka mmoja, na aspirini na statini huendelea maisha yote.

Kwa hiyo, kama hela imepungua, usichague mwenyewe cha kuacha. Rudi kwa daktari umwambie hali ilivyo, mara nyingi ipo dawa ya aina ileile yenye bei ya chini. Niachie namba ya simu dukani, nami nitakuagizia kabla hazijaisha. Na ninyi mnaovuka ziwa kwenda Kalemie au Bujumbura kwa biashara, bebeni za kutosha hadi siku ya kurudi na za wiki moja zaidi, kwa kuwa boti huchelewa.